Jibu: Menyu ya juu inayokatika na kufunika maandishi kwenye simu

Ndugu, umeeleza kwamba menyu yako ya juu, uliyoipa katika CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za wavuti) position: fixed, yaani ibandikwe kwenye kioo, na width: 960px, yaani upana wa pikseli 960, hukaa vizuri kwenye kompyuta, lakini kwenye simu hukatika upande wa kulia na kufunika aya ya kwanza. Elementi (kipande cha ukurasa) ya aina hiyo huondolewa katika mtiririko wa kawaida wa ukurasa, hivyo maudhui yanayoifuata hayaiachii nafasi, na sehemu inayozidi upana wa kioo haifikiki hata msomaji akisogeza ukurasa.

Tafadhali usiondoe tagi ya meta ya viewport (mstari wa HTML unaoiambia simu ichore ukurasa kwa upana wake yenyewe) kama njia ya mkato. Menyu itaonekana nzima, ila simu nyingi zitauchora ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa takriban pikseli 980 kisha kuupunguza, na herufi hazitasomeka.

Badala yake, andika width: 100% na max-width: 960px, kisha ndani ya @media (max-width: 600px), yaani kanuni za vioo visivyozidi pikseli 600, tumia position: sticky pamoja na top: 0, ili menyu ishike juu ya kioo msomaji anaposogeza ukurasa. Mimi naipendelea sticky kwa sababu menyu hubaki na nafasi yake katika mtiririko, nawe hulazimiki kukisia padding-top (nafasi tupu ya juu) ya body, yaani ya ukurasa mzima, ambayo hubadilika kila viungo vinapovunjika kuwa mistari miwili. Hakikisha tu kwamba hakuna elementi mzazi (inayoibeba menyu ndani yake) yenye overflow: hidden, amri ya kuficha kinachozidi, kwani huizuia menyu kushika. Ukiamua kubaki na fixed, kagua pia kama mzazi yeyote ana transform (kusogeza au kugeuza umbo) au filter (athari kama ukungu): hapo menyu hujipima kwa mzazi huyo, si kwa kioo.