Kujaza kope za juu zilizobonyea kwa mafuta ya mwili

Ndugu, umeuliza kama mafuta yanayopandikizwa kwenye kope za juu zilizobonyea hudumu, na kama njia hiyo ni salama kwako uliyekwisha kufanyiwa upasuaji wa kope.

Hudumu, ila si yote. Daktari huyanyonya tumboni au pajani, huyasafisha, kisha huyaingiza kidogo kidogo, kwa kawaida mililita 1 au 2 tu kila upande, ndani kabisa chini ya misuli na karibu na ukingo wa mfupa, kwa kuwa ngozi ya kope ni nyembamba mno na mafuta yakiwekwa juujuu huonekana kama vinundu ambavyo kuviondoa ni kazi kubwa. Sehemu yake hufyonzwa na mwili katika miezi ya mwanzo. Kwa hiyo usiyahukumu matokeo kabla ya miezi 3 hadi 6, wala usishangae ukihitaji awamu ya pili. (Binafsi ningependelea kujaziwa kidogo kuliko kupita kiasi.) Yanayobaki ni tishu hai, hivyo huongezeka ukinenepa.

Hatari kubwa zaidi, ingawa ni nadra, ni mafuta kuingia kwenye mshipa wa damu na kusababisha upofu. Ndiyo maana hutumika mrija wenye ncha butu badala ya sindano kali. Kovu la upasuaji wa awali nalo huifanya kazi iwe ngumu. Kabla ya yote, muulize daktari kama msuli unaoinua kope haujalegea, kwani hali hiyo pia huleta shimo juu ya jicho, na mafuta peke yake hayaitibu.