Uji wa darasa la awali: unga mchungu na watoto wanaoharisha

Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa la awali wilayani Kongwa, Dodoma. Mwezi Januari wazazi walichanga mahindi, karanga, soya, ulezi na dagaa, tukasaga unga wa lishe wa muhula mzima. Sasa ni Aprili, uji una uchungu kidogo, na karibu kila wiki watoto wawili watatu wanaharisha. Wazazi wanasema ni uji. Je, nikiuchemsha zaidi unga huu utafaa?

Jibu: Hapana, Mwalimu. Unga huo usiupike tena. Lakini sidhani kama ndio unaowaharisha watoto wako.

Sufuria moja ya uji ikichafuka, huugua watoto wengi kwa mpigo, siku ile ile au inayofuata, na mpishi aliyeonja naye pengine hasalimiki. Wawili wiki hii, watatu wiki ijayo, hapo ugonjwa unapita mkono kwa mkono. Kwa hiyo kabla ya kwenda stoo, nenda pale wanaponawia. Shule nyingi utakuta beseni moja mlangoni, watoto arobaini wanachovya mikono kwa zamu, na wa mwisho ananawa uchafu wa wote waliomtangulia. Liondoe. Tundika vibuyu chirizi viwili, kimoja nje ya choo na kingine wanaponywea uji: dumu la lita tano, tundu la msumari chini kidogo ya mfuniko, kamba inayoshuka hadi kijiti cha kukanyaga, na kipande cha sabuni kilichotobolewa na kufungwa vizuri, maana kunguru wanaiba sabuni kweli kweli. Vikombe vianikwe kwenye kichanja, visifutwe kwa kitambaa kimoja. Mtoto anayeharisha apumzike nyumbani hadi zipite siku mbili bila kuharisha, apewe ORS (dawa ya unga ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini), na zahanati watampa zinki. Akiwa na damu kwenye choo, macho yameingia ndani au hawezi kunywa, asisubiri kesho.

Ule uchungu una sababu nyingine. Karanga, soya na dagaa vina mafuta. Vikishasagwa, mafuta hukutana na hewa na kuanza kuharibika, na joto la stoo ya bati linaongeza kasi. Ndiyo maana sioni faida ya unga wa viungo vitano uliosagwa wa kutumia miezi mitatu. Kila kiungo kina muda wake wa kuiva na kuharibika, halafu kimoja kikiharibika umetupa vyote.

Linalonitia wasiwasi zaidi halina harufu wala ladha: sumukuvu. Hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka zisizokauka vizuri, na mahindi na karanga ndiyo makazi yake makubwa. Mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Kenya, mwaka 2004, waliugua watu 317, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Kwa kiasi kidogo cha kila siku haimwangushi mtoto leo, bali huumiza ini polepole, na tafiti zimeihusisha na udumavu. Kuchemsha hakuiondoi. Kazi yote inafanyika kabla ya mashine ya kusaga.

Mchango wa wazazi upokee ukiwa nafaka, kamwe usipokee unga. Mahindi ya kila debe yapime kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, mahindi hadi theluthi moja, vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika moja kisha acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka, yarudi juani juu ya turubai. Kisha wapishi wachambue: punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au nyeusi zote zitoke. Zilizotoka zifukiwe. Ukimpa ng'ombe, sumu inarudi kwenye maziwa, na usikubali kusikia kwamba "zinafaa kwa pombe". Mahindi yakobolewe kabla ya kusagwa, kwani sehemu kubwa ya sumukuvu hutoka na pumba. Najua dona lina virutubisho zaidi, ila kwa mahindi ambayo hujui yalikaushwaje, mimi nachagua sembe.

Hata hivyo, Kongwa mna mtama na uwele, ambavyo kwa kawaida havishambuliwi na sumukuvu kama mahindi. Fanya mojawapo kuwa msingi wa uji, changanya na ulezi, saga wa wiki mbili tu, na magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Karanga nunua zikiwa na maganda, chambua, kaanga, twanga asubuhi ile ile na uziweke uji ukikaribia kuiva. Waulize wazazi kwanza kama kuna mtoto anayevimba au kuwashwa akila karanga. Soya iache, labda awepo mtu wa kuichemsha nusu saa na kuikausha kabla ya kusaga, kwa sababu mbichi huzuia tumbo kusaga protini. Dagaa wakipatikana, wapelekwe kwenye mboga ya mchana.

Uji unaobaki usingoje watoto wa mchana. Na karanga nzima usiwagawie wadogo hawa wakati wa mapumziko, hasa wakiwa wanakimbia: zinapalia, na zikiingia njia ya hewa hutakuwa na muda wa kutafuta pikipiki.