Dalali anayejuana na watu anifaa nini?

SWALI: Nauza nyumba yangu Tudor, Mombasa. Dalali ajisifu anajuana na mawakili, wathamini na watu wa benki. Hayo yanisaidia nini?

JIBU: Mauzo mengi hukwama kwenye karatasi, si kwenye bei, na hapo ndipo kujuana kunapolipa. Wakili anayeitwa kabla ya tangazo atafanya upekuzi wa hatimiliki, ili rehani ya zamani isiyofutwa isichomoze baada ya mnunuzi kulipa amana (kwa kawaida asilimia 10). Mnunuzi wa mkopo naye huletewa mthamini wa benki. Dalali aliyezoeana na wathamini atakuonya mapema kuhusu chumba ulichoongeza bila ramani kuidhinishwa. Deni la kodi ya ardhi ya kaunti lilipwe sasa, kwani bila cheti cha kutodaiwa uhamisho hausajiliwi.

Je, yako ni nyumba bila ardhi (jengo ni lako, ardhi ni ya mwingine), kama zilivyo nyingi hapa Mombasa? Mwambie dalali siku ya kwanza. Benki nyingi huzikwepa, basi atafute wanunuzi wa taslimu.

Ila wakili wako asiwe pia wa mnunuzi, hata wakijuana vipi. Kamisheni iandikwe, na umwombe dalali cheti chake cha usajili.