Maswali ya wasomaji: Nyongeza ya mshahara au mgao wa faida?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyakazi wa huduma za uwanjani katika Uwanja wa Ndege wa Kisumu, na mwajiri wangu ni shirika la ndege ambalo naomba nisilitaje. Chama chetu kimeomba nyongeza ya asilimia 8, kikisema kwamba wenzetu wa shirika pinzani hulipwa vizuri zaidi kwa kazi ileile. Usimamizi umejibu kwa asilimia 3 pamoja na ahadi ya kutugawia sehemu ya faida kila mwaka. Sasa tumegawanyika. Vijana wanautaka mgao, wakitaja shirika la Delta la Marekani, ambako wafanyakazi waliwahi kupewa kiasi cha mshahara wa miezi miwili kwa mkupuo mmoja. Wakongwe hawataki hata kusikia. Mama yangu ni mkulima wa majani chai huko Nandi, naye anasema bonasi ndiyo iliyotusomesha, kwa hiyo haoni tunachobishania. Nani ana haki? (Wa Uwanjani, Kisumu)

JIBU: Ndugu msomaji, wakongwe wenu wana hoja nzito zaidi, ingawa vijana nao hawajapotea kabisa. Kosa liko katika namna ahadi hiyo ilivyowekwa mezani, kwamba mgao unaletwa ili kuziba nafasi ya nyongeza. Mgao unaokuja juu ya mshahara unaostahili ni jambo la kupokewa kwa mikono miwili. Mgao unaokuja badala yake unapaswa kupigiwa hesabu kwanza.

Tumchukue mfanyakazi anayelipwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Nyongeza ya asilimia 8 humpa shilingi 4,800 zaidi kila mwezi, na ile ya asilimia 3 humpa shilingi 1,800. Tofauti ni shilingi 3,000 kwa mwezi, yaani 36,000 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba mgao hauna budi kufikia shilingi 36,000 kila mwaka, uwe mwaka wa neema au wa ukame, ndipo mfanyakazi huyo asipungukiwe. Na hata ukifika hapo bado hajalingana na mwenzake wa asilimia 8, kwa sababu mshahara ndio kwa kawaida hutumiwa kukokotoa malipo ya saa za ziada na mchango wa mwajiri katika mfuko wa uzeeni, na ndio unaotazamwa pia anapopunguzwa kazini, ambapo Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri alipe angalau siku 15 za malipo kwa kila mwaka wa utumishi uliotimia. Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, nayo inapokupimia mkopo husoma stakabadhi ya mshahara, wala haisomi matumaini. Isitoshe, nyongeza ya mwaka unaofuata itahesabiwa juu ya shilingi 61,800 badala ya 64,800, hivyo pengo litaendelea kupanuka bila mtu yeyote kufanya uamuzi mpya. Kuhusu kodi hakuna unafuu wowote wa kuwavutia: mgao hukatwa kodi ya mapato kama mshahara, na kwa mtu wa kiwango hicho cha malipo, shilingi ya ziada hukatwa asilimia 30 iwe imekuja kila mwezi au mara moja.

Habari za Delta ni za kweli, lakini zinafaa kusimuliwa hadi mwisho. Mnamo Februari 2020 shirika hilo liligawa dola bilioni 1.6 kutokana na faida ya 2019, na kila mfanyakazi akapata takriban malipo ya miezi miwili. Kisha janga la korona likazisimamisha ndege. Delta ikapata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12 katika mwaka wa 2020, na mgao wa mwaka huo haukuwapo. Miaka ilipokuwa mizuri tena, fedha zilirejea, na Februari 2024 ziligawiwa dola bilioni 1.4. Jambo ambalo vijana wenu huenda hawalijui ni kwamba hata huko mgao na mshahara vimewahi kuwekwa kwenye mizani. Mwaka wa 2015 wafanyakazi wasio marubani waliongezewa asilimia 14.5 ya mshahara huku kanuni ya mgao ikipunguzwa. Marubani, ambao wana chama chao, walipoletewa mkataba uliogusa mgao wao waliukataa kwa kura Julai mwaka huohuo. Kwa hiyo ndani ya kampuni moja yenye faida kubwa, kundi moja lilipewa uhakika wa kila mwezi na jingine likakataa kuachia fungu lake la faida. Mimi nawaelewa wote wawili, maana rubani wa Delta mwenye mshahara mnono anaweza kuubeba mwaka usio na mgao kwa urahisi ambao mpakiaji wa mizigo hana.

Hapa kwetu hali ya biashara ya ndege inataka tahadhari zaidi. Tazama mahesabu ya Kenya Airways, ambayo ni ya wazi kwa kila mtu kwa kuwa kampuni hiyo imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Katika mwaka wa 2023 ilipata faida ya uendeshaji ya shilingi bilioni 10.5, lakini baada ya gharama za madeni na kuporomoka kwa thamani ya shilingi, mwaka ulifungwa kwa hasara ya zaidi ya bilioni 22. Mwaka wa 2024 shilingi ilipata nguvu, na shirika likatangaza faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Kufikia nusu ya kwanza ya 2025 lilikuwa limerudi kwenye hasara ya takriban bilioni 12, sababu kubwa ikiwa ndege aina ya Boeing 787 zilizolala chini kwa kukosa injini na vipuri. Katika panda shuka hizo zote, anayeelekeza ndege kwenye maegesho, anayepakia mizigo na anayekagua tiketi walifanya kazi ileile kwa bidii ileile. Ndiyo maana swali la kwanza kumuuliza mwajiri wenu ni hili: faida ipi? Kama ni ya uendeshaji, mwaka wa 2023 katika mfano huu ungewalipa wafanyakazi. Kama ni ile inayobaki baada ya riba, kodi na hasara za ubadilishaji wa fedha, wasingepata hata senti.

Mama yako ana haki kuisifu bonasi, ila chai yake na kazi yako haviko katika hali moja. Mkulima anayepeleka majani katika kiwanda kinachosimamiwa na KTDA, wakala wa viwanda vya chai vya wakulima wadogo, ni mwenye hisa wa kiwanda, na bonasi ni malipo ya pili ya majani ambayo tayari ameyauza na kulipwa sehemu tu ya thamani yake. Hayo ni mauzo yake mwenyewe yanayokamilishwa. Wewe huna hisa, huketi katika bodi, na hukushauriwa mkopo wa kununua ndege ulipochukuliwa kwa dola. Tena hata wakulima, pamoja na umiliki wao, wamekuwa wakilalamika mwaka baada ya mwaka kwamba viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa hulipa bonasi ndogo kuliko vya mashariki. Kama mwenye kiwanda hunung'unikia hesabu zake, mwajiriwa atahitaji hesabu hizo ziwe wazi zaidi.

Basi chama chenu kifanye nini? Kwanza kiyatenganishe mambo mawili: nyongeza ijadiliwe kwa kulinganisha soko na gharama ya maisha, na mgao ujadiliwe peke yake baadaye. Kikishindwa kuyatenganisha, kidai kiwango cha chini kilichohakikishwa, kisichopungua zile shilingi 36,000 au kiasi kinacholingana nacho kwa kila daraja la mshahara, kilipwe hata kama faida haipo. Kanuni ya mgao iandikwe ndani ya mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, ikionyesha aina ya faida, asilimia, tarehe ya malipo, nani anastahili, na yanayompata anayestaafu au kufariki kabla ya siku ya kulipwa. Mkataba wa pamoja ukisajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huwafunga wahusika, ilhali barua ya mkurugenzi inayosema kwamba usimamizi "utazingatia" mgao haimfungi mtu. Na msiogope kuomba vitabu vya hesabu: kifungu cha 57 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 kinamtaka mwajiri akipe chama taarifa zote zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana. Nawakumbusha pia kwamba marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022, mojawapo ya madai yao lilikuwa michango ya mfuko wa akiba iliyokuwa imesimamishwa wakati wa korona. Iwapo hata mchango wa uzeeni unaweza kusimamishwa hadi watu wagome, ahadi ya mgao isiyoandikwa itadumu siku ngapi?

SWALI: Mimi hukatisha tiketi za ndege mjini Nakuru. Rafiki yangu wa shirika pinzani, aliye upande wa pili wa barabara, hunizidi kwa shilingi 10,000 kwa kazi ileile. Nimesikia kwamba sheria inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Je, ninaweza kwenda mahakamani? (Mkatisha Tiketi, Nakuru)

JIBU: Kwa msingi huo pekee, hapana. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira humhusu mwajiri mmoja na watu aliowaajiri yeye. Hakimlazimishi alipe kama jirani yake. Kingekusaidia kama mwenzako wa dawati moja, chini ya mwajiri mmoja, angelipwa zaidi yako bila sababu halali. Katiba nayo, katika Ibara ya 41, inakupa haki ya malipo ya haki na ya kujiunga na chama, na malalamiko yako yana nguvu zaidi yakipitia huko.

Kabla hujaipeleka hiyo 10,000 kwa mtu yeyote, ichunguze. Muulize rafiki yako kama ameajiriwa kwa kudumu au kwa mkataba wa mwaka, anafanya kazi saa ngapi kwa wiki, Jumapili na sikukuu hulipwaje, bima yake ya matibabu inawahudumia wazazi au yeye na watoto tu, mwajiri huchangia kiasi gani cha uzeeni, na kama familia yake husafiri kwa tiketi za nafuu. Nimeona watu wakihama kwa ajili ya mshahara mkubwa, kisha wakagundua kwamba marupurupu ya nyumba yalikuwa yamekwisha kuhesabiwa ndani yake. Inawezekana pia kwamba ukimaliza hesabu utakuta tofauti ya kweli ni 14,000. Vyovyote itakavyokuwa, mwakilishi wa chama akiwa na mkataba wa pamoja wa shirika hilo mkononi, uliosajiliwa, atasikilizwa kuliko anayesema ameambiwa na rafiki.

SWALI: Nafanya usafi wa ndege, lakini nimeajiriwa na kampuni ya kandarasi. Shirika likigawa faida, nami nimo? (Mkazi wa Kakamega)

JIBU: Kwa kawaida hapana, hutahesabiwa, kwa kuwa mwajiri wako kisheria ni mwenye kandarasi, na faida inayogawiwa si yake. Njia iliyopo ni ninyi wasafishaji kujiunga na chama. Mkifikia wingi wa kawaida, yaani zaidi ya nusu, wa wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga, mwajiri wenu atapaswa kukitambua, na hapo mtadai mshahara bora kutoka kwake. Wakati unaofaa kuwasilisha dai hilo ni kabla kandarasi yake na shirika haijafanywa upya, maana bei ikishatiwa saini atawaambia, pengine kwa ukweli, kwamba hana mahali pa kuzitoa fedha hizo.