Maswali na majibu: Mechi zimeanza, mazoezi yapunguzwe au yaongezwe?

Maswali ya safari hii yametoka zaidi kwa timu za mtaani na ligi za mikoa, kwenye kocha mmoja, mipira sita na wachezaji wenye kazi nyingine mchana.

Mwalimu, timu yangu iko ligi ya mkoa, Dar es Salaam, tunacheza kila Jumamosi. Mechi tatu mfululizo tumefungwa dakika za mwisho. Nimeona hawana pumzi, kwa hiyo Jumatatu na Jumanne nawakimbiza Coco Beach saa nzima. Mbona wanazidi kuchoka?

Kwa sababu unawachosha. Pumzi hujengwa kabla ya ligi. Ligi ikishaanza, mechi yenyewe ndiyo zoezi kubwa kuliko yote ya wiki. Mchezaji wa kulipwa hukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi, na nguvu iliyohifadhiwa kwenye misuli, ile inayotokana na ugali na wali, huchukua siku mbili hadi tatu kurudi. Wewe Jumatatu unakomba hicho kidogo kilichorudi, tena mchangani ambako mguu unafanya kazi mara dufu.

Jaribu hivi. Jumapili watembee na kujinyoosha, Jumatatu wapumzike kabisa. Jumanne wacheze nne kwa nne kwenye eneo dogo, kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko. Jumatano fungua uwanja mzima: hapo ndipo mbio za kasi kamili zinapokaa, chache, na kila mmoja akipata nafasi ya kuvuta pumzi kabla ya kurudia. Alhamisi mbinu, bila kukimbizana. Ijumaa dakika 40 zinatosha: kona, faulo, mbio fupi mbili tatu, nyumbani. Unachopunguza ni dakika, si kasi. Timu inayofanya mazoezi ya polepole wiki nzima hushtuka Jumamosi, na misuli huchanika hapo.

Halafu jiulize kuhusu benchi. Kama kanuni za ligi yenu zinaruhusu kubadilisha wachezaji watano, unawatumia wangapi, na dakika ya ngapi? Mabao mengine ya dakika za mwisho hayahusiani na pumzi hata kidogo.

Klabu kubwa wana vile vifaa vya kuvaa mgongoni vinavyopima mchezaji amefanya kazi kiasi gani. Sisi tutapimaje?

Kwa daftari. Nusu saa hivi baada ya zoezi muulize kila mchezaji, peke yake, zoezi lilikuwa gumu kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10. Zidisha jibu kwa dakika. Njia hii ilienezwa na Mmarekani Carl Foster, na klabu zenye vifaa vyote hivyo bado zinaitumia.

Mfano: Jumanne dakika 75 kwa alama 6 ni 450. Jumatano 80 kwa 7 ni 560. Alhamisi 60 kwa 4 ni 240. Ijumaa 40 kwa 3 ni 120. Mechi 90 kwa 9 ni 810. Jumla ya wiki 2,180. Namba hiyo peke yake haisemi kitu. Ilinganishe na wiki za nyuma za mchezaji yuleyule, na ukiona imeruka ghafla, mpunguzie. Usiwaulize mbele ya wenzao, maana hakuna kijana atakayesema 9 wakati nahodha kasema 5.

Mimi ni winga. Mchana naendesha bodaboda, Jumamosi ligi, Jumapili naitwa ndondo, mechi za mtaani, na wananilipa. Nyuma ya paja panavuta kila nikifyatuka. Kocha hajui.

Mwambie kocha leo. Sitakuambia uache ndondo, hela yake inalipa kodi ya chumba. Lakini mechi mbili ndani ya saa 24 juu ya msuli unaovuta, hapo unatafuta kukaa nje miezi. Utafiti wa klabu moja ya Ulaya uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kuwa wachezaji waliocheza mara mbili kwa wiki waliumia karibu mara sita zaidi ya waliocheza mara moja. Cha ajabu, umbali waliokimbia haukupungua. Yaani ukitazama kwa macho uwanjani, huoni kitu mpaka siku anaposhika paja na kukaa chini.

Sasa hivi acha mbio za kasi, uonwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Ukipona, kuna zoezi la kupiga magoti huku mwenzako ameshika vifundo vya miguu, unajishusha mbele polepole kadiri unavyoweza. Tafiti zimeonyesha linapunguza majeraha ya msuli huo kwa takribani nusu. Anza na marudio machache, katikati ya wiki, kamwe si mkesha wa mechi.

Tuna viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, tunacheza mechi tatu ndani ya siku nane. Mazoezi lini?

Hakuna mazoezi. Kula, kulala, kutembea, na kikao kifupi cha mbinu. Badilisha kikosi.

Na wanaokaa benchi?

Hawa ndio husahaulika. Asiyecheza anakosa zile 810 za mechi kwenye daftari, na wiki nne baadaye unamwingiza ghafla kwa dakika 90. Mechi ikiisha, wabakishe uwanjani dakika 20: mbio za kasi, kisha mchezo mdogo.

Tuko Unguja, Ramadhani ligi haisimami. Tupange vipi?

Kazi nyepesi iwe karibu na magharibi ili wafuturu mara baada ya kumaliza, na ile ngumu ya wiki ipelekwe usiku baada ya tarawehe. Waulize pia wamelala saa ngapi. Daku hukata usingizi, na zoezi lililopewa 5 mwezi uliopita linaweza kupewa 7. Ukiona hivyo, kata dakika 15.