Kaka alijaa maji mapafuni mlimani. Je, nami nimerithi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mpagazi Mlima Kilimanjaro, naishi Moshi. Mwaka jana kaka yangu wa tumbo moja aliteremshwa kwa machela kutoka kambi ya Barafu, wakasema mapafu yamejaa maji. Kuna kipimo cha vinasaba cha kuniambia kama nami nina hatari hiyo?

JIBU: Marahaba. Pole kwa yaliyompata kaka. Kipimo cha kutegemewa hakipo, na anayekuuzia usikubali.

Hewa ya oksijeni ikipungua, mishipa ya damu ya mapafu hujibana. Kwa baadhi ya watu hujibana kupita kiasi, shinikizo linapanda na maji yanavuja kwenye vifuko vya hewa. Ukali wa kujibana huko kwa sehemu ni wa kuzaliwa nao. Jeni (kipande cha vinasaba) iliyochunguzwa sana ni NOS3, inayohusika na utengenezaji wa nitriki oksidi, gesi inayolegeza mishipa. Huko Japani, aina fulani za jeni hiyo zilionekana zaidi kwa waliowahi kuugua, lakini matokeo ya jamii nyingine hayakulingana. Hakuna jeni moja inayoamua.

Historia ya mtu mwenyewe inatabiri vizuri zaidi. Waliowahi kuugua, wakipandishwa haraka hadi mita 4,559 kwenye milima ya Alps, karibu 6 kati ya 10 waliugua tena. Kwa hiyo mwenye hatari kubwa ni kaka yako. Asirudi mlimani kabla ya kuonana na daktari na kufanyiwa eko ya moyo (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), maana wapo wanaozaliwa bila mshipa mmoja mkubwa wa pafu na hawajui. Daktari anaweza pia kumwandikia nifedipine, dawa ya kulegeza mishipa, ya kujikinga.

Wewe kama umefika Barafu mara nyingi bila shida, hiyo ni dalili njema, ila si hakikisho. Kuishi Moshi hakukukingi, mji uko chini ya mita 1,000. Ukikaa nyumbani wiki kadhaa, mwili unapoteza mazoea ya juu. Baridi, mzigo mzito, kifua kilichokubana na safari ya siku chache vinaongeza hatari, hata kwa aliyezoea.

Kipimo cha kurithi ninachokushauri ufanye ni cha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Hata mwenye jeni moja tu ya ugonjwa huo, asiyeumwa kabisa, anaweza kuharibika wengu akiwa juu sana.

Mlimani, ukikosa pumzi hali umekaa, ukakohoa kikavu, au ukashindwa na mzigo ulioubeba jana bila taabu, mwambie kiongozi saa hiyohiyo. Kawaida hali huzidi usiku, hasa wa pili baada ya kupanda. Makohozi ya povu jekundu yakianza, umeshachelewa sana. Uwekewe oksijeni na uteremshwe angalau mita 1,000, ukibebwa, kwa sababu kutembea kwa nguvu kunapandisha shinikizo. Wasingoje kupambazuke.