Usipite kushoto kwa trela

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma baada ya Isha, nikaurudia. Wasema matatu ilikubana Daraja la Nyali ukienda kazini, kioo chake kikagusa usukani wako, na makanga akakupigia kelele kuwa barabara si ya baiskeli. Ukaniuliza: kila ukipigiwa honi ushuke kando, au ushike njia yako?

Shika njia yako. Makanga hakusema kweli. Baiskeli ni chombo cha barabarani kwa sheria ya trafiki, Sura ya 403 ya sheria za Kenya. Nawe ufuate yanayokuhusu: kaa kushoto, taa nyekundu simama, usiku washa taa. Lakini kukaa kushoto si kujibandika ukingoni, penye mchanga na milango ya magari yaliyoegeshwa. Ukijibana, dereva huona pamebaki nafasi, akajipenyeza. Acha kama hatua moja, nyooka, na kabla ya kuhama tazama nyuma, unyooshe mkono.

Linaloninyima usingizi ni trela. Nimeendesha trela kutoka bandari ya Kilindini miaka mingi. Wewe hujakikalia kile kiti. Usukani uko kulia, umeketi juu sana, na ubavu wote wa kushoto kioo chakuonyesha kipande tu. Trela ikitaka kukata kushoto, kichwa cha gari hutanua kulia kwanza, utadhani yaenda upande mwingine. Kisha magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, hukata kwa ndani. Mwenye baiskeli huona uwazi mpana kushoto, akaingia. Uwazi ule hufungwa naye yumo.

Changamwe, kabla hujazaliwa, nilikuwa nakata kona, indiketa inawaka. Tanboi, msaidizi wangu garini, akapiga mlango kwa kofi, mara mbili, nikakanyaga breki. Kushuka, namkuta muuza mkate amejibana ukutani, baiskeli yake iko chini ya gurudumu, mikate imetapakaa lamini. Alikuwa mzima. Hakunitukana, alinitazama tu. Nilimlipa baiskeli na mikate, lakini mikono ilinitetemeka hadi jioni. Sikumdharau, mwanangu. Sikumwona kabisa.

Basi ukiwa Makupa au Kibarani, trela ikipunguza mwendo mbele yako, kaa nyuma yake hata foleni iwe ndefu vipi. Usipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni.

Na yule wa matatu usimfuate stejini kugombana. Najua hesabu ya tajiri mwenye gari inavyombana dereva, ila hiyo si ruhusa ya kukugusa. Andika namba ya gari, saa na mahali, upeleke kituo cha polisi. Ukitaka tutakwenda sote.

Ijumaa njoo na baiskeli nikufungie taa ya nyuma. Mamako ameshanunua betri.

Babako